Jino Halijui Umetema

Jumatatu, 3 Machi

Hazitoki. Naandika hilo kwanza, mengine baadaye. Waya zangu za meno hazitoki!

Leo daktari wa meno amenipa kioo, akanyanyua mdomo wangu wa juu kwa kidole, akasema tazama. Nikatazama. Kuzunguka vile vibati vidogo vilivyogandishwa kwenye meno ya mbele – madoa meupe. Si weupe wa kung'aa. Weupe wa chokaa, kama ukuta uliopakwa rangi na mtu mvivu. Nikadhani ni gundi imebaki. Si gundi. Ni jino lenyewe linapoteza madini. Enameli, lile ganda gumu la nje, inaliwa taratibu, na madoa hayo ndiyo mwanzo. Yakiachwa yanakuwa matundu.

Kisha kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi akasema nirudi katikati ya Aprili. Akikuta madoa yamekua, anatoa waya zote, hata kama kazi ni nusu. Ati meno yaliyopinda yenye afya ni afadhali kuliko yaliyonyooka yaliyooza.

Nusu! Tangu darasa la pili naitwa Koleo, kwa sababu meno yangu ya chini yanapita mbele ya ya juu. Wameniita hivyo watoto, wameniita watu wazima, ameniita mwalimu wa hesabu mbele ya darasa zima. Nimefunga waya hizi nikiwa mtu mzima, kwa hiari yangu, na sasa ndiyo kwanza meno ya juu yameanza kusogea mbele. Halafu nibaki nusu koleo? Thubutu.

Akaniuliza kama napiga mswaki. Mimi! Nani katika mji huu anapiga mswaki kunizidi? Asubuhi napiga, usiku napiga, kazini napiga kila nikimaliza kuonja. Soda? Sinywi. Peremende? Sili. Juisi? Sinywi. Akaniangalia kama mtu anayedanganywa. Nimeondoka bila kuaga vizuri. Shauri yake.

Jumanne, 4 Machi

Kazini. Chumba changu cha kuonjea hakina dirisha, na ndivyo kilivyotakiwa – kuta nyeupe, taa nyeupe, meza, sinki, jagi la maji ya vuguvugu, na foleni ya vikombe vyenye namba. Kila pipa likichanganywa kule chini, kikombe kinapanda huku juu. Naonja, nazungusha mdomoni, natema, nasema. Nikisema sawa, mashine inajaza chupa. Nikisema bado, wanaongeza sukari au maji. Mshahara naupata kwa ulimi, na sioni aibu kusema.

Mwezi huu ni limau na pasheni. Juisi mpya, Meneja ameishikia bango. Inanijia kutwa nzima, kikombe baada ya kikombe, kila mmoja kule chini akiongeza chembe ya hiki na kupunguza chembe ya kile. Na kila baada ya kikombe, mswaki! Nasugua kwa nguvu zote. Mswaki na maji tu, bila dawa. Dawa ya mnanaa haikanyagi chumba hiki, ikiingia mdomoni ulimi wangu unalala mpaka jioni. Hata nyumbani natumia ya mitishamba, haina harufu, haina floraidi, haina chochote cha kumuudhi mtu.

Kwa hiyo Daktari aniambie. Niongeze nini tena? Nisugue na msasa?

Ijumaa, 7 Machi

Kelele nyumbani. Nimemwambia Mama habari za madoa, nikajuta kabla sijamaliza sentensi. Akaweka sufuria chini. Kwanza akasema alijua. Pili akasema mdomo huu umenilisha miaka yote bila waya, una njaa ya nini sasa. Kaka yangu akadakia kwamba waya zikitolewa tutakosa taarifa ya habari, maana tangu nizifunge redio ya humu ndani inakamata vizuri. Ana watoto wawili lakini akili ameiacha tumboni kwa Mama.

Nimemwambia Mama kwamba mdomo ni wangu. Akasema yeye ndiye aliyeutengeneza. Jibu limenijia nikiwa bafuni, na sasa nimechelewa.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Daktari bila miadi. Nia yangu ilikuwa moja, kumpa vidonge vyake. Nimekaa kwenye benchi mpaka wagonjwa wote wakaisha, nikaingia, nikamwambia: mimi napiga mswaki kuliko wewe.

Hakukasirika. Akanipa kidonge nitafune, nisuuze, nitabasamu kwenye kioo. Kile kidonge kinapaka rangi penye ukoga, ule utando laini wenye vijidudu. Nikatabasamu kwa kiburi. Mbele ya meno – safi, panametameta! Nikageuka nimwambie unaona? Akasema sogea karibu na kioo. Nikasogea. Chini ya waya, na kuzunguka kila kibati, mstari mwembamba wa zambarau. Kila jino. Kama mtu aliyefagia katikati ya sebule na kuacha pembe zote.

Kumbe nasugua panapofikika. Panapohitaji sipafikii.

Lakini bado hakuridhika. Alisema sehemu ya mbele nayo imekwanguka kuliko kawaida, imekuwa laini. Akavuta kiti, akanitaka nimsimulie siku yangu tangu naamka. Nikasimulia. Nilipofika kwenye limau na pasheni akanyanyua mkono.

"Uliniambia hunywi juisi."

"Sinywi. Naonja, natema. Tone halipiti kooni."

Akashusha mkono. Kisha akasema, "Jino halijui umetema."

Nimebaki nimekodoa macho. Miaka yote hii nimejihesabu mtu asiyekunywa juisi! Tumbo langu halinywi. Meno yangu yanaoga humo kutwa nzima. Akanieleza polepole. Limau likipita, ile enameli inalainika kwa muda. Sukari nayo inakaa chini ya waya, vijidudu vinaila na kutengeneza asidi yao wenyewe. Mate ndiyo fundi – yanaosha, yanarudisha madini, jino linakaza tena. Lakini mate yanahitaji nafasi. Mimi siyapi. Kikombe kinafuata kikombe, na katikati yake nachukua mswaki na kulikwangua jino likiwa bado laini.

Yaani bidii yangu ndiyo iliyokuwa inaniharibu. Nimelia? Kidogo. Kwa hasira, si kwa huzuni. Daktari akanipa kitambaa cha karatasi, akasema hakuwahi kupata mgonjwa anayeharibu meno kwa kuyajali.

Alhamisi, 13 Machi

Sheria mpya za mdomo wangu, alizoniandikia Daktari jana. Mswaki kabla ya chai ya asubuhi na kabla ya kulala, wenye dawa ya floraidi, pole pole. Kibrashi kidogo chembamba kupita chini ya waya, jino kwa jino. Nikimaliza natema povu, sisuuzi – floraidi ibaki ilikaze jino. Nikionja, nasuuza kwa maji tu, mswaki siugusi. Na kubwa kuliko yote, maonjo yakusanywe pamoja, mara mbili kwa siku, katikati mate yafanye kazi.

Ya mwisho ndiyo ngumu. Nyingine naziweza.

Hapana, na ya kwanza nayo ina kasoro. Nimeanza leo asubuhi na dawa ya mnanaa ya Kaka. Nimefika kazini, limau likaja mdomoni kama dawa ya kikohozi. Nikasema bado. Likarudi, nikasema bado. Mara ya tatu akapanda Bi Mizani mwenyewe, mkuu wa kuchanganya, tunamwita hivyo kwa sababu hapimi kwa macho hata chumvi ya yai lake. Kikombe mkononi, mdomo umefungwa kama mkoba. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Akasema basi ulimi wangu ndio unaoumwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepata! Dawa ya meno ya watoto, ina picha ya dubu amevaa miwani. Haina mnanaa, ina utamu kidogo wa matunda unaopotea upesi. Nimemtumia Daktari picha ya maandishi ya nyuma, akajibu kwamba hiyo niliyochagua floraidi yake inamtosha hata mtu mzima. Kaka ameiona bafuni. Anauliza kama nataka pia kubembelezwa nilale. Mama amecheka mpaka akakaa. Wacheke. Dubu na mimi tuna kazi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimezungumza na Meneja. Ofisini kwake haketi, anazunguka meza kama mtu aliyepoteza funguo. Nimemweleza kila kitu, mpaka mate. Nimemwomba jambo moja: maonjo yote yawe saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Vikombe vya katikati vihifadhiwe kwenye friji.

Akasema pipa halisubiri. Nikasema pipa ni la chuma, linaweza kusubiri. Akasema kama waya zinanisumbua nizitoe. Kama siwezi kuzitoa, kule kwenye kubandika lebo kuna nafasi, kazi nyepesi, sitaonja hata maji.

"Sisi tumeajiri ulimi wako," akasema, "si meno yako."

"Ulimi wangu unakaa nyumba moja na meno," nikamwambia.

Akatoa kicheko kifupi, akasema nirudi kazini. Hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana kwa sauti ya kutosha.

Jumanne, 18 Machi

Nimebandika karatasi mlangoni kwangu. KUONJA: SAA NNE NA SAA TISA. Herufi kubwa, kalamu nyekundu. Saa tano kikombe kikaja, nikakipokea, nikakitia kwenye friji. Saa sita kikaja kingine. Frijini. Simlaumu kijana aliyekileta, ametumwa. Saa saba Meneja akapita, akabandua karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni.

Nimebandika nyingine.

Ijumaa, 21 Machi

Wiki nzima tunabanduana. Yeye anabandua, mimi nabandika. Karatasi ninazo nyingi kuliko yeye alivyo na mifuko.

Ila leo si Meneja aliyenishukia. Ni Bi Mizani. Mapipa yake mawili yamesubiri saa tisa yakiwa yamejaa, na watu wake wamekaa mikono mapajani. Kanikuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimevua koti, nina kibrashi changu mkononi. Akaanza. Mimi najiona nani. Kazi hii ilikuwepo kabla yangu. Yeye alikionjea kiwanda hiki tangu kikiwa na pipa moja, hakubandika karatasi, hakuwa na saa, alionja walipomwita.

Nilikuwa sijui kwamba aliwahi kuonja. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nikamuuliza kwa nini aliacha.

Akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwake – akafungua mdomo. Kabisa. Akanionyesha.

Meno yake ya mbele ni mafupi. Yamekwisha, kama sabuni iliyotumika mpaka ikabaki kipande. Ya njano, kingo nyembamba, karibu nione mwanga upande wa pili. Akafunga. Akasema ndiyo maana hanywi chai mpaka ipoe, na maji ya baridi hayajui ladha yake tangu zamani. Kiwanda kilipoona anashtuka kila kikombe, kikamhamishia mapipani.

"Nilikuwa natema kila tone," akasema. "Nilijua nikitema nimesalimika."

Nilitamani kumkumbatia lakini Bi Mizani si mtu wa kukumbatiwa. Nimempa kioo changu kidogo nikamwambia yeye aende kwa Daktari wangu. Akasema kwake yamekwisha. Nikamwambia yaliyobaki yanaweza kulindwa. Akarudisha kioo, akatoka.

Nimeandika haya kwa hasira kubwa kuliko ya siku zote. Mama aliniambia mdomo wangu umenilisha. Wa Bi Mizani umelisha kiwanda kizima!

Jumatano, 26 Machi

Jambo la ajabu. Vikombe vimekuja saa nne vyote kwa pamoja, vimepangwa kwenye trei, vimefunikwa, kila kimoja na namba yake. Na saa tisa vivyo hivyo. Katikati, hata kimoja. Nimeshuka kuuliza. Bi Mizani alikuwa amenipa mgongo, anapima sukari. Akasema amegundua tu kwamba mapipa yakipangwa vizuri hakuna anayekaa bure, basi, nisijipe umuhimu.

Karatasi yangu iko mlangoni tangu jana. Haijabanduliwa. Ina gundi mpya kwenye pembe, ambayo si yangu.

Jumanne, 1 Aprili

Nimeangalia kwa kioo. Madoa yapo. Sitaki kujidanganya, yapo. Lakini siyaoni yamekua. La kushoto naona kama limepungua weupe, au ni taa ya bafuni. Nimemwita Mama atazame. Akavaa miwani, akanishika kidevu kama zamani nilipokuwa mdogo, akatazama muda mrefu mno. Akasema haoni madoa. Anachoona ni kwamba meno ya juu na ya chini sasa yanakaribia kukutana.

Akaniachia kidevu taratibu. Akasema basi, endelea na dubu wako.

Jumatano, 9 Aprili

Meneja amepanda mwenyewe. Ijumaa wanakuja wanunuzi, wenye maduka makubwa, wanaitaka limau na pasheni. Wanataka kuona inavyoonjwa. Ziara ni kuanzia saa tano mpaka saa nane. Nionje mbele yao, kila pipa, kila ladha, waone tulivyo makini.

Nikamwambia waje saa nne, au wangoje saa tisa. Nitaonja mbele yao mpaka wachoke wao.

Akasema wanunuzi hawapangiwi. Nikamwambia Jumatatu naenda kwa Daktari, na Jumatatu hiyo ndiyo itakayoamua kama nabaki na waya au nabaki Koleo. Hakujua habari za Koleo. Nimemwambia yote, mpaka mwalimu wa hesabu. Alinitazama, nikadhani amenielewa. Kisha akasema ni siku moja tu.

Wote husema ni siku moja. Bi Mizani naye, nina hakika, aliambiwa ni siku moja.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandikia kazini, kwenye meza ya kuonjea. Mlango nimeufunga kwa ndani. Si kwa woga. Basi, kidogo kwa woga.

Walifika saa tano na kidogo. Wanunuzi wanne, wamevalishwa kofia za nailoni, wanatabasamu kila upande. Meneja akaingia nao chumbani kwangu na trei yake, vikombe vimejaa mpaka ukingoni. Akasema huyu ndiye ulimi wetu. Akaniwekea kikombe cha kwanza mbele. Nikasema karibuni, tutaonja saa tisa. Nilisema kwa adabu zote. Meneja akacheka akiwaangalia wao, akasogeza kikombe karibu zaidi. Nikakirudisha. Akakisogeza. Kikamwagika kwenye koti langu, limau tupu, harufu ikajaa chumba.

Akasema kwa sauti ya chini, meno yamebana: "Onja, au lebo. Chagua."

Nimewaomba wageni watoke kidogo, tafadhali. Wametoka! Naye akatoka nyuma yao kwa aibu, na mimi nikageuza ufunguo. Sijui nimepata wapi ujasiri huo. Sijui pia nitatokaje.

Amebisha sana. Amesema nifungue au niache koti humu humu, niende zangu. Nikamjibu kwamba vikombe naviweka frijini, saa tisa nitaonja kila kimoja mpaka tone la mwisho. Kwamba ulimi wangu ni wake kazini na sitaunyima kazi, ila meno sikuyaandikia mkataba. Alianza kujibu, kisha akasita.

Kwa sababu sauti ilikuwa imekatika. Hapa huwa kuna mngurumo wa mapipa kutwa, unausikia mpaka kwenye kiti. Umekatika. Kisha chupa nazo – zile kelele za chupa kugongana kwenye mkanda – zikapungua, zikapungua, zikaisha. Sijawahi kukisikia kiwanda hiki kimya mchana.

Nimesikia ngazi. Hatua nzito. Kisha kiti kinavutwa nje ya mlango wangu, mtu anakaa. Meneja akauliza nani amezima mitambo. Bi Mizani akasema ni yeye. Mmoja wa wanunuzi, mwanamke, akauliza kwa upole tu, anataka kujua, tunasubiri nini.

"Tunasubiri mate yake," Bi Mizani akasema.

Mtu mmoja akacheka. Hakuna aliyemfuata. Yule mwanamke akamuuliza ana maana gani, na Bi Mizani akaanza kumweleza, taratibu, tangu pipa la kwanza. Nasikia kila neno. Sasa amenyamaza. Nadhani ninajua kwa nini amenyamaza. Nadhani amefungua mdomo.

Amebisha tena Meneja. Mara hii kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayeomba.